Albert Howard, mtaalamu wa kuvu aliyekwenda kusoma kwa wakulima

Maharagi yanaota vizuri, yanatoa majani mawili matatu, kisha yanaanza kugeuka njano. Mkulima anang'oa shina moja ili aangalie: mzizi umekuwa wa kahawia, umelainika, ngozi yake inabanduka kwa vidole. Wakaaji wa Idjwi, wa Kabare, wa Kalehe na wa Walungu wanaujua ugonjwa huo. Ni kuoza kwa mizizi, na unaletwa na kuvu pamoja na jamaa zake wanaoishi ndani ya udongo. Katika miaka ya 1990 ulisumbua sana milima ya Kivu, Rwanda na magharibi ya Kenya, kule ambako watu ni wengi, mashamba ni madogo, na maharagi yanarudishwa mahali palepale kila msimu bila udongo kupumzika.

Dawa ya kupulizia haifiki huko chini kwa urahisi. Na hata ingefika, ni nani mwenye makuta ya kuinunua kila msimu? Basi mkulima asiye na pesa afanye nini na kuvu iliyojificha ndani ya udongo? Kuko mtu aliyejiuliza jambo hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita, Mwingereza aliyelipwa mshahara kwa kazi ya kuchunguza kuvu za mimea. Jina lake ni Albert Howard.

Leo anatajwa karibu dunia nzima kama mmoja wa baba wa kilimo hai, kile cha kulima bila dawa wala mbolea ya kiwandani. Kuko mambo yanayosahaulika katika habari zake: kwamba sehemu kubwa ya ujuzi wake aliipata kwa wakulima wadogo wa India, kwamba mke wake alifanya kazi hiyo bega kwa bega naye, na kwamba njia yake iliingia Afrika ya Mashariki kupitia mashamba ya kahawa ya walowezi. Tena, katika yale aliyoyafundisha, kuna yaliyothibitishwa na watafiti waliokuja nyuma yake, na kuna yaliyokataliwa. Ni vizuri kuyatenganisha kabla ya mtu kuyapeleka shambani.

Mtoto wa shamba aliyefungiwa kwenye maabara

Albert Howard alizaliwa tarehe 8 Desemba 1873, Bishop's Castle, katika jimbo la Shropshire, Uingereza. Wazazi wake walikuwa wakulima, na yeye alikua katikati ya ng'ombe, farasi na nafaka. Alikuwa na akili ya masomo, akafika Chuo Kikuu cha Cambridge, akamaliza kwa alama za juu katika sayansi ya viumbe na pia katika kilimo.

Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa mbali na nyumbani. Kutoka 1899 hadi 1902 alikuwa katika visiwa vya Karibi, akikaa Barbados, kama mwalimu wa kilimo na mtaalamu wa kuvu. Huko aliletewa miwa iliyougua, kakao iliyougua, na mimea mingine ya visiwani. Kazi yake ilikuwa kuangalia kwa hadubini, kuipa kuvu jina, na kuandika ushauri kwa wakulima.

Alianza kuona kasoro ya kazi hiyo mapema. Hakuwa na shamba lake hata moja. Alikuwa akiwaambia watu wafanye hivi na vile, na yeye mwenyewe hajawahi kulima muwa wala kujaribu ushauri wake kwenye udongo. Kuvu aliijua, ila mmea wenyewe na udongo uliouzaa vilibaki nje ya mlango wa maabara. Baadaye maishani aliueleza wakati ule kama wakati wa mtu aliyefungwa ndani ya chumba.

Aliporudi Uingereza, kutoka 1903 hadi 1905, alifanya kazi katika chuo cha kilimo cha Wye, jimbo la Kent. Huko alishughulikia mmea uitwao hops, ule unaotiwa ndani ya bia, hata Primus, kuipa uchungu. Wakulima wa Kent walikuwa na desturi ya kung'oa mimea dume. Howard aliirudisha ili mimea jike ipate chavua, na kadiri alivyoona, mimea iliyopata chavua ilikua na nguvu na ilisumbuliwa kidogo zaidi na wadudu na ukungu. Hapo ndipo alipopata fikra iliyomfuata mpaka kufa: labda ugonjwa ni dalili tu, na kisa chake kiko katika maisha ya mmea mzima.

Pusa: mwanafunzi wa wakulima wa India

Mwaka 1905 Howard alipelekwa India, kwenye kituo kipya cha utafiti cha Pusa, katika Bihar. Wakati huo India ilikuwa koloni la Uingereza, na serikali ilimpa cheo cha mtaalamu wa mimea ya biashara. Kwa mara ya kwanza alikuwa na ardhi ya kulima mwenyewe, kama ekari 75.

Wakati huohuo alioa. Mke wake, Gabrielle Matthaei, aliyezaliwa 1876, alikuwa mwanasayansi kabla ya kumjua. Alikuwa amesoma Cambridge na kufanya utafiti mzito juu ya namna majani yanavyotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula cha mmea. Huko India alifanya kazi pamoja na mume wake, mwanzo bila cheo, na mwaka 1913 serikali ikamtambua rasmi kama mtaalamu wa pili wa mimea baada yake. Kwa mwanamke wa wakati ule lilikuwa jambo la nadra. Maandishi mengi ya Pusa yana majina yao wawili, na ngano bora walizochagua pamoja, zilizoitwa kwa jina la Pusa, zilienea katika mashamba mengi ya India.

Kando ya kituo cha Pusa walikuwa wakulima wadogo, watu wa jembe la kukokotwa na ng'ombe, wasiojua hadubini. Howard alitegemea kuona mashamba yao yamejaa ugonjwa. Kumbe mimea yao ilikuwa na afya. Hawakuwa na dawa ya kuvu wala ya wadudu, lakini walikuwa na akili ya kuchanganya mimea shambani, ya kupanda jamii ya kunde pamoja na nafaka, ya kuchagua mbegu inayofaa udongo wao, na ya kutopoteza mabaki ya wanyama.

Basi akageuza kazi yake. Badala ya kuwafundisha, akaanza kuwaangalia na kuwauliza. Aliwahesabu wakulima wale kuwa walimu wake, na akawahesabu hata wadudu na kuvu kuwa walimu. Pale walipokuja kula mmea, alitafuta kosa ambalo limefanyika: udongo umejaa maji na kukosa hewa? Mbegu hailingani na mahali? Udongo umechoka? Kwa miaka kama 5 alijifunza hivyo, na kufikia 1910 alisema kwamba anaweza kulima mimea yenye afya bila kupulizia dawa yoyote.

Kuhusu hewa ya udongo, yeye na Gabrielle walifanya kazi kubwa, Pusa na pia Quetta, nchi ya milima ambayo leo iko Pakistan. Walionyesha namna mizizi inavyokosa pumzi pale maji yanaposimama na udongo unaposhikana. Jambo hilo linaufaa sana ugonjwa wa maharagi wa Kivu, maana kuvu nyingi zinazoozesha mizizi zinapenda udongo uliolowana usio na hewa. Ndiyo sababu maagronomu wanashauri kupanda maharagi juu ya matuta.

Indore: rundo lenye uhai

Mwaka 1924 Howard alihamia Indore, katikati ya India, kuongoza taasisi mpya ya utafiti wa mimea. Pamba ilikuwa zao kubwa la pale. Lakini kwa miaka yote ya Pusa alikuwa amebaki na swali moja: mkulima asiye na pesa ataurudishiaje udongo kile ambacho mavuno yanachukua? Samadi haikutosha, kwa sababu sehemu kubwa ilikaushwa na kuchomwa jikoni kama kuni. Majani na mabua yalitupwa au yaliteketezwa.

Jibu alilitafuta kwa wakulima wa India, na pia katika habari za wakulima wa China, ambao kwa karne nyingi walirudisha kila mabaki shambani. Akishirikiana na mkemia wa Kihindi, Yeshwant Wad, alipanga hatua zinazoweza kufuatwa na mtu yeyote, na mwaka 1931 wakatoa kitabu pamoja. Njia hiyo ikajulikana kwa jina la mji: njia ya Indore. Ni komposti, yaani mbolea ya kuozesha.

Mpango wake ni mwepisi kueleza. Yanawekwa majani na mabua ya namna mbalimbali, mabichi na makavu, unene kama wa shubiri moja. Juu yake inawekwa tabaka nyembamba ya samadi, kisha udongo kidogo uliolowa mkojo wa ng'ombe kutoka zizini, na majivu. Kwa makadirio, majani yanakuwa mara tatu ya samadi. Yanamwagiwa maji mpaka yalowe bila kuchuruzika, halafu matabaka yanaanza tena mpaka rundo lifike kimo cha kifua. Katikati yanaachwa matundu ya kuingiza hewa. Rundo linageuzwa baada ya wiki 2 au 3, linageuzwa tena baada ya wiki 5 hivi, na kwa miezi 3 limekuwa udongo mweusi usionuka.

Kazi yote hiyo inafanywa na nani? Si mtu. Inafanywa na viumbe visivyoonekana kwa macho. Watu wengi wanaposikia neno mikrobi wanafikiria kipindupindu au kidonda kilichooza. Howard aliwaza kinyume. Aliona rundo kama zizi la mikrobi: zinahitaji chakula, maji na hewa sawa na mifugo. Zikivipata, zinafanya kazi kwa nguvu mpaka rundo linapanda joto la digrii 60 na zaidi, na joto hilo linaua mbegu za magugu na vijidudu vingi vya ugonjwa. Kwanza zinakuja kuvu na kuanza kuvunja mabua, kisha bakteria zinaendeleza. Kwa hiyo mtaalamu aliyetumwa kupigana na kuvu aliishia kufuga kuvu.

Mwaka 1930 Gabrielle alifariki, kabla kitabu cha Indore hakijatoka. Mwaka uliofuata Howard aliacha kazi ya serikali na kurudi Uingereza. Alioa Louise, dada wa Gabrielle, ambaye naye alikuwa msomi na alimsaidia kuandika mpaka mwisho.

Kahawa ya Kenya, na wale ambao hawakuulizwa

Shamba la kwanza la Afrika ya Mashariki kuchukua njia ya Indore lilikuwa Kingatori, shamba la kahawa karibu na Kiambu, si mbali na Nairobi. Mnamo Februari 1933 Howard mwenyewe alifika pale na kuona marundo ya kwanza. Kutoka Kiambu habari zilienea kwenye mashamba mengine ya kahawa ya Kenya, mpaka kwenye katani huko Taveta, na kwa walowezi wa Rodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe.

Walowezi waliipenda kwa hesabu ya kawaida. Miaka ile bei ya kahawa ilikuwa imeanguka duniani, na mbolea ya kiwandani ni gharama. Magugu, mabua na samadi vilikuwepo bure. Wafanyakazi walikuwepo kwa mshahara mdogo.

Hapa habari ya Howard inakuwa na kivuli. Elimu iliyotoka kwa wakulima masikini wa Asia ilifika Afrika kupitia kwa wenye mashamba makubwa, na Waafrika walioigeuza kwa mikono yao walikuwa vibarua. Wakati ule Waafrika wa Kenya walikuwa wamezuiwa kulima kahawa yao wenyewe, na ni katika miaka ya 1930 tu ndipo wachache wa sehemu kama Kisii na Meru walianza kuruhusiwa. Upande huu wa ziwa hali haikuwa tofauti sana. Serikali ya Wabelgiji iliunda Comité National du Kivu mwaka 1928 na kuipa mamlaka juu ya ardhi kubwa, na wazungu walipewa mashamba ya kahawa na kwinini katika milima ya Kivu. Hata kwa wanakijiji, kilimo kilisimamiwa kwa amri na adhabu. Wazee wengi walikua wakijua mitaro na matuta kama kazi ya kulazimishwa, na hiyo ni sababu moja ya watu kuyaacha baada ya uhuru, hata pale yalipokuwa na faida.

Howard aliwaheshimu wakulima wa India katika maandishi yake, lakini alikuwa mtu wa serikali ya kikoloni, na wasomaji wake wengi walikuwa wenye mashamba makubwa. Mfalme wa Uingereza alimpa heshima ya kuitwa Sir mwaka 1934. Majina ya wakulima wa Bihar waliomfundisha hayajulikani na mtu.

Nyuzi katika mizizi

Katika miaka ya 1930 Howard alipata jambo lililompa nguvu mpya. Katika msitu wa Wareham, kusini mwa Uingereza, mtafiti mwanamke, M. C. Rayner, alikuwa akichunguza miche ya misonobari iliyogoma kukua kwenye udongo mbovu. Ilipowekewa komposti, miche iliamka. Rayner aliangalia mizizi na kukuta nyuzi za kuvu zimeungana nayo. Kuvu hiyo haikuwa inaoza mzizi. Ilikuwa inaishi nao: mmea unaipa sukari, nayo inauletea mmea chakula kutoka sehemu za udongo ambazo mzizi haufiki. Wataalamu wanaita ushirika huo mikoriza.

Howard akaanza kutafuta mikoriza kila mahali, kwenye chai, kahawa, mizabibu, miwa na pamba. Alikuta mimea mingi sana inayo. Kwa maoni yake hapo ndipo daraja kati ya mboji na afya ya mmea lilipo. Mwaka 1940 alitoa kitabu chake kilichojulikana zaidi, An Agricultural Testament, na ndani yake aliwashambulia vikali wanasayansi waliogawanya shamba vipande: mmoja anajua kuvu tu, mwingine wadudu tu, mwingine chumvi za mbolea tu, na hakuna anayeangalia udongo wote. Vitabu vyake vilisomwa Marekani na J. I. Rodale, aliyeanzisha gazeti la kilimo hai mwaka 1942, na Uingereza na Eve Balfour, mmoja wa walioanzisha Soil Association mwaka 1946. Kilimo hai kilichoenea duniani baadaye kina mizizi pale.

Wanasayansi wengi wa wakati wake walimpinga. Walisema mifano yake haina vipimo vya kutosha, kwamba anasimulia mashamba yaliyofaulu bila kuweka kando yake shamba la kulinganisha. Katika hilo walikuwa na haki. Kwa mfano, aliandika kwamba ng'ombe wake waliolishwa vizuri waligusana pua na ng'ombe wenye homa ya midomo na kwato bila kuambukizwa. Hakuna daktari wa mifugo atakayemshauri mtu kujaribu hilo.

Yaliyothibitishwa, na yasiyo kweli

Wakati Howard akiandika, wengine walikuwa wanafungua mlango uleule kwa vipimo. Mwaka 1932, California, mtafiti Rainer Weindling alieleza kuvu ya udongo iitwayo Trichoderma. Aliiona inajizungusha kwenye nyuzi za kuvu nyingine, ile inayoozesha mizizi ya miche, na kuila. Tangu hapo wameonekana walinzi wengi wa namna hiyo. Bakteria ya Bacillus subtilis, kwa mfano, inatoa sumu inayozuia kuvu. Nyingine zinanyang'anya kuvu mbaya chakula na nafasi kwenye mzizi. Nyingine zinaugusa mmea na kuufanya uamshe kinga yake mwenyewe kabla adui hajafika. Leo mikrobi hizo zinauzwa zikiwa unga au maji kwa wakulima wa mboga na maua wa Kenya na kwingineko.

Hata majani ya viwanja yalitoa ushahidi. Kule Marekani, nyasi za viwanja vya golfu zinapata ugonjwa wa kuvu unaochora madoa ya duara kama sarafu, na watunzaji wanatumia dawa nyingi juu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, New York, walinyunyiza tabaka nyembamba ya komposti juu ya nyasi hizo mara kwa mara. Aina fulani za komposti zilipunguza ugonjwa wazi, nyingine hazikufanya kitu. Tofauti ilikuwa katika mikrobi zilizomo. Kwa hiyo Howard alikuwa ameona vizuri kwamba kuna ulinzi ndani ya mboji, lakini si kila mboji, na si kila wakati.

Kosa lake kubwa lilikuwa kufikiri kwamba udongo wenye afya unafuta magonjwa yote. Wakaaji wa Idjwi wanajua bei ya kosa kama hilo kupitia migomba. Mnyauko wa migomba, ule unaoitwa BXW, ambao ulionekana Masisi mwaka 2001 kisha ukaenea Kivu, unaletwa na bakteria inayobebwa na panga na wadudu. Unaua mgomba ulionona sawasawa na uliokonda. Dawa yake ni usafi: kukata shina linalougua, kupitisha panga kwenye moto au maji ya javeli kabla ya kugusa mgomba mwingine, na kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga. Vilevile muhogo wenye ugonjwa wa majani kujikunja na kuwa na madoa ya njano una virusi, na hapo kinachotakiwa ni vijiti safi vya mbegu inayostahimili. Mtu akingojea komposti imtibie muhogo huo, atapoteza msimu.

Lakini kwa mizizi ya maharagi inayooza, Howard angejisikia nyumbani. Huo ni ugonjwa wa udongo uliochoka. Utafiti uliofanywa katika milima ya Kivu, Rwanda na Kenya umeonyesha njia zinazokubaliana: kuongeza mbolea ya kuozesha na majani mabichi, kupanda juu ya matuta, kubadilisha maharagi na zao jingine kama mahindi, mtama au viazi vitamu, na kuchagua mbegu zinazostahimili, hasa baadhi ya maharagi yanayopanda juu ya miti. Hakuna moja inayotosha peke yake. Zikiunganishwa, mzizi unapata nguvu na kuvu mbaya inapata washindani.

Kazi, na nani anaibeba

Kuko jambo ambalo Howard hakulipima sana, kwa sababu alikuwa na ng'ombe na vibarua. Komposti ni mzigo. Hapa Idjwi wanaoibeba kupanda mlima ni wamama, pamoja na maji na kuni. Ng'ombe ni wachache, na majani yaleyale yanayotakiwa kwenye rundo yanagombaniwa na mbuzi. Kumwambia mama mwenye kipande kidogo cha shamba atengeneze rundo la Indore kama la Kiambu ni kumtania.

Kinachowezekana ni rundo dogo karibu na nyumba: maganda ya ndizi na maharagi, magugu ambayo hayajatoa mbegu, majani ya migomba mizima, samadi ya mbuzi, ya sungura au ya simbilisi, majivu ya jikoni. Kwenye vituo vya kuoshea kahawa kuna maganda mengi ya matunda ya kahawa, na yakiachwa hovyo yanachafua maji, lakini yakichanganywa na majani makavu yanaoza vizuri. Rundo likiwa dogo sana halipati joto la kutosha kuua ugonjwa, kwa hiyo mizizi ya maharagi iliyooza isiwekwe humo, bali ichomwe. Na mbolea kidogo inayopatikana isitawanywe shamba zima, iwekwe ndani ya shimo au tuta mbegu inapoingia, pale mzizi utakapoikuta.

Albert Howard alifariki London tarehe 20 Oktoba 1947. Louise aliandika baadaye habari za kazi ya mume wake India, na humo alimpa dada yake Gabrielle nafasi aliyostahili. Wapinzani wa Howard walimdai jambo moja ambalo mkulima yeyote wa Idjwi anaweza kulifanya bila maabara: kulinganisha. Msimu A unapofika, mwezi wa 9, matuta mawili yapandwe maharagi ya mbegu moja, siku moja, moja likiwa na komposti na jingine bila. Baada ya wiki 4 zing'olewe mbegu chache kutoka kila tuta, mizizi ioshwe kwenye maji, na iwekwe pamoja juu ya jiwe iangaliwe.